Kuandika chujio lako la hisa za Nairobi: Excel, TradingView au Python?

Mwezi jana kwenye mkutano wa chama chetu cha akiba, huko Umoja, Nairobi, watu wawili walileta orodha mbili za hisa za kutazamwa. Wote walikuwa wametumia chujio lile lile tulilokubaliana: bei ya kufunga iwe juu ya wastani wa bei za siku 50, na RSI ya siku 14, kipimo cha 0 hadi 100 kinachoonyesha nguvu ya bei kupanda au kushuka, isifike 60. Mweka hazina wetu, ambaye maisha yake yote yako ndani ya Excel, alikuja na hisa kumi na moja. Kijana wetu wa kompyuta, aliyeandika lake kwenye TradingView, tovuti ya chati za hisa, alikuja na saba. Zilizofanana zilikuwa nne.

"Mama, yangu imehesabiwa na mashine," kijana akasema taratibu.

"Na yangu nimehesabu kwa vidole?"

Tulikaa na orodha hizo hadi chai ikapoa, na mwishowe ikaonekana hakuna aliyekosea hesabu. Orodha ya bei ambayo mweka hazina huinakili kila jioni ina kila kampuni, hata ile isiyouzwa siku hiyo: bei ya mwisho inarudiwa, na kwenye safu ya idadi ya hisa kunakaa sifuri au kistari. TradingView, kwa upande wake, haichori mshumaa, ile alama ya bei za siku moja kwenye chati, siku ambayo hakuna hisa iliyobadilisha mikono. Kwa Safaricom, ambayo huuzwa kila siku soko likifunguliwa, tofauti hiyo haipo. Kwa kampuni inayouzwa mara mbili kwa wiki, "siku 50" za mweka hazina ni miezi miwili na nusu ya kalenda, na "siku 50" za kijana ni karibu nusu mwaka. Chujio moja kwa jina, machujio mawili kwa kazi.

Tangu siku hiyo nimeulizwa mara kadhaa ni chombo gani mtu achukue. Nimeandika machujio kwenye vyote vitatu, Excel, TradingView na Python, ambayo ni lugha ya kuandika programu, na kila kimoja kimeniaibisha kwa njia yake. Ipo pia AmiBroker, programu ya Windows yenye lugha yake ya AFL na wapenzi wake wasiosikia la mtu, lakini ninaowajua wakiitumia hapa ni wachache, kwa hiyo naiacha.

Kwanza, tunapima nini

Watu wengi hulinganisha vyombo hivi kwa kuhesabu viashiria, yaani vipimo vinavyohesabiwa kutokana na bei: hiki kina mia, kile kina mia tatu. Hicho si kipimo. Wastani wa siku, RSI, MACD ya 12, 26 na 9, mikanda ya Bollinger, vyote vinapatikana au vinaandikika kila mahali. Mimi ninapima mambo matano: data inaingiaje, sharti linaandikwaje, kosa linajificha wapi, unaweza kulijaribu chujio kwa data ya nyuma kiasi gani, na kazi na pesa inayohitajika kila siku. La tatu ndilo ninalolipa uzito, kwa sababu soko letu lina kampuni sitini na kitu tu, na nyingi kati yao zinaweza kulala siku kadhaa bila mnunuzi wala muuzaji. Viashiria vya kiufundi vingi vilibuniwa kwa masoko yasiyolala hivyo.

Tuongeze basi sharti la tatu kwenye chujio la chama, ambalo tungelikuwa nalo tangu mwanzo hatungezozana:

1. Bei ya kufunga iko juu ya wastani wa siku 50.
2. RSI ya siku 14 iko chini ya 60.
3. Katika siku 20 za soko zilizopita, hisa imeuzwa angalau siku 15.

Kuhusu RSI nitakaa kidogo, maana ndipo wengi huteleza. J. Welles Wilder aliitoa mwaka 1978, na hesabu yake haitumii wastani wa kawaida. Unaanza na wastani wa siku 14 za faida na wa siku 14 za hasara, kisha kila siku mpya unachukua wastani wa jana mara 13, unaongeza faida au hasara ya leo, unagawa kwa 14. Sasa fikiria hisa ambayo bei yake haijasogea. Faida ya leo ni sifuri, hasara ni sifuri, kwa hiyo wastani wote wawili unapungua kwa kiwango kile kile, na uwiano kati yao haubadiliki. RSI inaganda. Hisa inaweza kulala wiki tatu ikiwa na RSI ya 28 ile ile iliyoachiwa na mtu mmoja aliyeuza kwa haraka mwanzoni mwa mwezi.

Hilo nililijua baada ya kununua. RSI ilikuwa chini ya 30, kiwango ambacho husomwa kuwa hisa imeuzwa kupita kiasi, nikaona nimeokota. Kampuni sitaitaja, haikuwa na kosa lolote. Nilipotaka kutoka, agizo langu lilikaa kwa dalali siku baada ya siku, nikawa naamka asubuhi kuangalia simu kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Sharti la tatu limetoka hapo.

Excel na ndugu zake

*Data inaingiaje.* Kwa mkono, au kwa faili ya bei utakayopewa na dalali au kununua. Wengi hudhani kwamba Google Sheets itawaokoa kwa fomula ya GOOGLEFINANCE. Jihadhari: ukiandika NSE, kifupi cha soko letu, ndani ya fomula hiyo, unapelekwa kwenye soko la hisa la taifa la India, siyo letu la Westlands. Nimewahi kuona mtu akishangaa bei ya kampuni asiyoijua, tena kwa rupia. Kwa hisa za Marekani fomula hiyo inafanya kazi nzuri. Kwa zetu, tarajia kunakili.

Panga tarehe zikishuka chini na kampuni zikienda kando, karatasi moja ya bei na nyingine ya idadi ya hisa zilizouzwa. Usifanye karatasi kwa kila kampuni. Utajuta ukifika ya ishirini.

*Kuandika sharti.* Hapa Excel ina raha yake, kwa kuwa kila hatua unaiona. Ukiwa na karatasi tatu, Bei, RSI na Idadi, na Safaricom ikiwa kwenye safu C, chujio lote ni mstari mmoja:

`=AND(Bei!C201>AVERAGE(Bei!C152:C201), RSI!C201<60, COUNTIF(Idadi!C182:C201,">0")>=15)`

Kama kompyuta yako inatumia nukta mkato badala ya mkato, badilisha. Seli ya 152 hadi 201 ni siku 50, ya 182 hadi 201 ni siku 20. Hesabu mwenyewe kabla hujaburuta, kwa sababu kosa la siku moja halionekani kwa macho. Karatasi ya RSI ndiyo yenye jasho: safu ya faida, safu ya hasara, kisha wastani wa Wilder kwa kila moja. Jioni moja inatosha kuijenga, na ukishaijenga unaelewa RSI kuliko mtu aliyeibonyeza kwenye simu miaka mitano.

*Kosa linajificha wapi.* Excel inasifiwa kwamba makosa yake yanapiga kelele. Ni kweli kwa kiasi. Ukitumia RSI ya wastani wa kawaida kwenye hisa iliyolala siku 14, utagawa sifuri kwa sifuri na seli itakuambia #DIV/0! bila aibu. Lakini lipo kosa moja la kimya ambalo limewala wengi. Ukinakili bei kutoka PDF, baadhi ya nambari huingia kama maandishi. Kwa macho ni 29.50, kwa Excel ni neno. AVERAGE ikipita hapo inaliruka bila kukuambia. Na ukiuliza kama seli hiyo ni kubwa kuliko wastani, Excel itajibu ndiyo, kwa sababu kwake maandishi ni makubwa kuliko nambari yoyote. Hisa yako itapita sharti la kwanza kila siku, hata ikianguka.

Dawa ni ndogo: chini ya kila safu ya bei weka COUNT, na juu yake idadi ya siku zinazotarajiwa. Zikitofautiana, kuna neno limejifanya nambari. Mweka hazina wetu huangalia pia upande ambao nambari zimeegemea ndani ya seli. Maandishi huegemea kushoto. Macho yake kwa hilo ni kama ya mama anayechambua mchele.

*Kujaribu data ya nyuma.* Inawezekana, lakini ni mateso. Ukitaka kujua chujio lingechagua nini kila Ijumaa ya miaka mitatu, utaburuta fomula hadi faili ianze kugoma.

*Gharama na kazi ya kila siku.* Google Sheets na LibreOffice Calc ni bure. Kazi ni dakika kumi na tano kila jioni baada ya soko kufungwa saa tisa, ukiwa mwepesi. Ukikosa wiki nzima, kurudi ni vigumu.

Inamfaa nani? Anayefuata hisa ishirini au thelathini, anayeamua mara moja kwa wiki au kwa mwezi, na anayetaka kuelewa kila nambari iliyo mbele yake. Inafaa sana vyama vya akiba, kwa kuwa mwanachama yeyote anaweza kufungua faili na kuuliza seli hii imetoka wapi.

TradingView

*Data inaingiaje.* Yenyewe. Soko letu limo kwa kifupi cha NSEKE, kwa hiyo Safaricom ni NSEKE:SCOM na Equity ni NSEKE:EQTY. Ukifungua kichujio chake cha kawaida ukachagua Kenya, unapata kampuni zote zenye safu za RSI, wastani wa siku na mengine, bila kuandika herufi moja. Kwa mtu aliye kwenye matatu Waiyaki Way, hakuna kitu kitakachoshindana na hilo.

*Kuandika sharti.* Kichujio cha kawaida kinakuruhusu kuchagua masharti yaliyokwisha kuandikwa. Ukitaka lako mwenyewe, unaingia Pine Script. Ni lugha ndogo ya TradingView yenyewe, na kwa masharti mawili ya kwanza ni tamu:

`wastani = ta.sma(close, 50)`
`nguvu = ta.rsi(close, 14)`
`pita = close > wastani and nguvu < 60`

RSI hiyo tayari ni ya Wilder. Shida inaanza na sharti la tatu. Huwezi kuhesabu siku zenye mauzo kwa kuuliza idadi ya hisa zilizo juu ya sifuri, maana siku isiyo na mauzo haina mshumaa wa kuulizwa. Kila mshumaa utakaoukuta umeuzwa. Inabidi uulize kwa saa: mshumaa wa kumi na tano kurudi nyuma ulikuwa lini? Kama uko ndani ya wiki nne za kalenda, ambazo ni siku 20 za soko pasipokuwa na sikukuu, basi hisa imeuzwa siku 15 kati ya hizo.

`hai = timenow - time[14] < 28 * 86400000`

Hiyo 86400000 ni milisekunde za siku moja. Sipendi kuandika hivyo, lakini mstari huo mmoja ndio ulioleta orodha ya kijana karibu na ya mweka hazina. Wiki zenye sikukuu mbili ongeza siku mbili.

Jambo la pili: Pine Script kwa asili hutazama chati moja. Ili itazame soko zima kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuita kampuni moja moja kwa `request.security`, lakini vifurushi vingi vina kikomo cha miito 40 kwa skripti moja, na sisi tuna kampuni zaidi ya hizo. Utagawa skripti mara mbili. Ya pili ni kichujio chao cha Pine, kinachopitisha kiashiria chako kwenye orodha yako ya hisa. Hicho ni cha vifurushi vya kulipia.

*Kosa linajificha wapi.* Kwenye mishumaa isiyokuwepo. Mfano mzuri ni Kenya Airways. Hisa zake zilisimamishwa Julai 2020 na kurudi sokoni Januari 2025. Kwenye chati, mshumaa wa 2025 umekaa ubavuni mwa ule wa 2020 kana kwamba ni jana na leo. Aliyeangalia wastani wa siku 50 wiki ya pili baada ya kurudi alikuwa anatazama wastani ambao sehemu kubwa yake ni bei za kabla ya kusimamishwa. RSI hali kadhalika. Chati haikusema uongo. Ilijibu ulichouliza, na uliuliza mishumaa 50.

Kwa Excel yenye bei zilizorudiwa ungekuwa na ugonjwa mwingine: miaka minne na nusu ya mstari ulionyooka. Hapo hakuna chombo kilichopona. Hisa ikirudi kutoka usingizi kama huo, iondoe kwenye chujio hadi ikusanye siku zake mpya 50.

*Kujaribu data ya nyuma.* Ipo, nzuri, ina michoro. Lakini inajaribu hisa moja kwa wakati mmoja. Swali la kichujio ni tofauti: siku ile, kati ya zote, ningechagua zipi? Swali hilo halijibiki vizuri humo.

*Gharama na kazi ya kila siku.* Kuanza ni bure. Ukitaka zaidi utalipa kwa dola na kwa kadi. Kazi ya kila siku ni karibu sifuri, na unaweza kuweka arifa ikuite. Stima ikipotea mtaani, chati yako inakungoja kwenye simu.

Inamfaa anayefikiri kwa macho, anayetaka kuona hisa kabla ya kuigusa, na anayefuata kampuni kubwa zinazouzwa kila siku: Safaricom, Equity, KCB, Co-op, EABL na wenzao. Kwa hisa hizo lawama zangu nyingi za hapo juu hazikuhusu. Na anayechuja New York, ambako kampuni ni maelfu, hana sababu ya kuteseka na kunakili.

Python

*Data inaingiaje.* Unavyotaka, maana yake ni kwamba hakuna anayekuletea. Faili za bei utakazopata zitakuwa na majina ya kampuni yaliyoandikwa kwa namna tatu, tarehe za Kimarekani mahali pengine, na vistari badala ya sifuri. Nusu ya kazi ya Python ni kusafisha. Anayekuambia vinginevyo hajaanza.

*Kuandika sharti.* Data ikishakuwa safi, hapa ndipo unapopumua. Ukiwa na jedwali la `bei` na la `idadi`, tarehe zikishuka na kampuni zikienda kando kama ilivyokuwa kwenye Excel, soko zima linachujwa kwa mistari michache ya pandas, maktaba ya Python ya kushughulikia majedwali:

`wastani = bei.rolling(50).mean()`
`badiliko = bei.diff()`
`faida = badiliko.clip(lower=0).ewm(alpha=1/14, adjust=False).mean()`
`hasara = -badiliko.clip(upper=0).ewm(alpha=1/14, adjust=False).mean()`
`nguvu = 100 - 100 / (1 + faida / hasara)`
`siku = (idadi > 0).rolling(20).sum()`
`pita = (bei > wastani) & (nguvu < 60) & (siku >= 15)`

Kampuni zote, siku zote, kwa mpigo. Tazama hiyo `alpha=1/14`. Ukiandika `span=14` kwa mazoea, umepata kipimo cha 2 gawa kwa 15, ambacho ni chepesi karibu mara mbili, na RSI yako itaruka huku na huku bila kufanana na ya mtu mwingine yeyote. Nimeona skripti nyingi zenye kosa hilo, moja ikiwa yangu. Mikanda ya Bollinger ina mtego wa aina hiyo hiyo, kwenye hesabu ya mchepuko wa kawaida unaoamua upana wake: pandas hugawa kwa idadi ya siku kutoa moja, TradingView hugawa kwa idadi kamili, na Excel ina fomula mbili, STDEV.S na STDEV.P, ikakuachia uamue. Kwa siku 20 tofauti ya upana ni kama asilimia 2.6. Ni ndogo, ila inatosha hisa moja kugusa mkanda kwako na isiguse kwa jirani.

*Kosa linajificha wapi.* Kwenye ukimya. Ukiacha siku moja tu tupu kwenye bei, `rolling(50)` haitatoa wastani wowote hadi siku hiyo tupu itoke kwenye dirisha, yaani siku 50 za soko. Na kitu kisicho na thamani, ukikilinganisha na nambari, Python hujibu hapana. Haipigi kelele, haiweki alama nyekundu. Hisa inatoweka kwenye orodha miezi miwili na nusu, na wewe unadhani haijatimiza masharti. Excel ingekuonyesha pengo. TradingView ingekuonyesha chati. Python inakupa orodha fupi na safi inayopendeza.

Kwa hiyo mimi huchapisha orodha mbili kila mara: zilizopita, na zile ambazo hazikuweza kupimwa. Ya pili ndiyo ninayoisoma kwanza.

Mgawanyo wa hisa nao unauma hapa, na kwenye Excel vile vile. Equity iligawa kila hisa moja kuwa kumi mwaka 2009. KCB ilifanya hivyo 2007. Kwenye data isiyorekebishwa, bei inaanguka kwa asilimia 90 usiku mmoja na RSI inazama. Soko letu kwa kawaida halikubali bei isogee zaidi ya asilimia 10 kwa siku, kwa hiyo kagua kila badiliko linalovuka hapo. Ama ni tangazo kubwa la kampuni, ama data yako ina kidonda.

*Kujaribu data ya nyuma.* Hapa Python haina mwenzake kati ya hivi vitatu. Mambo mawili tu. Sogeza uamuzi siku moja mbele kwa `shift(1)`, maana bei ya kufunga unaijua soko likiwa limefungwa, huwezi kununua kwa bei hiyo hiyo. La pili, usijaribu kwa orodha ya kampuni za leo. ARM Cement iliwekwa chini ya wasimamizi mwaka 2018, Mumias Sugar ikafuata 2019. Chujio la kiufundi la mwaka 2015 lingeweza kukununulia zote mbili, na jaribio linaloziacha nje litakuonyesha faida ambayo usingeipata.

Ukijaribu, toa gharama. Kamisheni na tozo, kutegemea dalali, hukaribia asilimia 2 kila upande. Kwenda na kurudi ni karibu 4. Nilipoweka hilo kwenye jaribio langu la kwanza, chujio lililokuwa likiuza na kununua kila wiki liligeuka kuwa mfadhili wa dalali.

*Gharama na kazi ya kila siku.* Bure, ukiwa na laptopu au hata Google Colab kwenye kivinjari na bando kidogo. Kazi ni nyingi mwanzoni na kidogo baadaye, isipokuwa siku mtoa data atakapobadilisha mpangilio wa faili bila kukuambia. Siku hiyo itakuja.

Inamfaa mwenye maswali yasiyokuwa na kitufe, mwenye subira ya kusafisha data, na anayeweza kusoma msimbo wake mwenyewe miezi sita baadaye. Asiyejua kuandika programu anaweza kujifunza, lakini asijifunze hivyo viwili, programu na soko, kwa pesa halisi kwa wakati mmoja.

Nani achukue nini

Kama wewe ni mweka hazina wa chama, au unasimamia akiba ya familia na mnaamua mara moja kwa mwezi, kaa na Excel. Hamhitaji kasi, mnahitaji kila mtu aone nambari ilikotoka. Weka zile COUNT za ukaguzi na sharti la siku 15.

Kama muda wako ni wa kwenye matatu na kabla ya kulala, na hisa unazozifuata ni zile kumi kubwa, TradingView bila kulipa inatosha. Lipa tu siku utakapojikuta unaandika Pine Script mara kwa mara na kichujio cha kawaida kinakubana.

Kama hisa ndogo ndizo zinazokuvutia, zile zinazolala, usitegemee mishumaa peke yake. Excel au Python, ambako siku isiyo na mauzo inaonekana kama siku isiyo na mauzo.

Kama umeanza kuuliza "chujio hili lingefanya nini miaka mitano iliyopita, kwa soko zima", huna budi kwenda Python. Hakuna njia ya mkato, na Excel utakayoilazimisha itakuchosha kabla haijakujibu.

Kama unachuja Marekani pekee, sehemu kubwa ya malalamiko yangu hapa isikusumbue. Chukua TradingView, uongeze Python ukitaka majaribio.

Na kama mko wawili, mmoja wa Excel na mmoja wa msimbo, msilazimishane. Sisi tuliwaacha mweka hazina na kijana kila mmoja na chake, ila sasa wote wanatumia masharti matatu na wanalinganisha orodha kabla ya mkutano. Juzi zilitofautiana kwa hisa moja. Kijana alisema ni sikukuu ya katikati ya wiki imemchanganya kwenye zile siku 28. Mama hakumwamini, amechukua faili nyumbani anaangalia nambari zipi zimeegemea kushoto.